Vichupa Visivyochomwa

"Hivi jirani, damu ya mnyama wa porini nayo ni kitu cha kulindwa na mtu mwenye bunduki?"

Swali hilo Inspekta aliulizwa na mama wa nyumba ya pili, siku taasisi ya wanyamapori ilipowekewa mlinzi getini. Walikuwa wanaanika nguo, kila mmoja upande wake wa ua. Inspekta alicheka, akabana shuka kwenye kamba, akaingia ndani. Wezi wa kuku aliwajua, wezi wa nyaya za umeme aliwajua kwa majina. Mwizi wa damu alikuwa hajamwona bado.

Asubuhi hii alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu ya wanawake. Mbele yake alikaa mfagizi wa taasisi ile, mama mtu mzima ambaye pale kazini wote walimwita Bi Usafi. Alijifunika mtandio hadi mabegani, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni ya unga.

"Mama, hebu nieleze tena."

"Nikueleze nini, mwanangu? Nimeshasaini."

"Umesaini nini?"

"Nitajuaje? Nilisomewa mbiombio kama mtu anayenadi mitumba."

Inspekta akaifungua karatasi ya maelezo. Ilikuwa fupi. Jumatatu asubuhi friza kubwa la maabara lilikutwa limezima, waya wake umechomolewa ukutani. Ndani mlikuwa na vichupa vya damu ya paa wa mlimani, mnyama asiyepatikana popote duniani ila kwenye msitu wa mlima mmoja tu. Vyote vilikutwa vimeyeyuka. Daktari wa wanyama wa taasisi alieleza kwamba Jumamosi jioni alimwona mfagizi akichomoa waya ule ili achomeke mashine ya kusugulia sakafu. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: mtuhumiwa amekubali kosa.

"Hapa wameandika umekubali."

"Mimi?" Bi Usafi akajishika kifua. "Yule kijana aliniuliza, una uhakika hukuchomoa? Nikamwambia, baba, mimi ni binadamu, uhakika ni wa Mungu peke yake. Akaandika. Nikajua ameandika hivyo hivyo nilivyosema."

Inspekta akageuka polepole. Konstebo alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa hiyo kituoni kwako, mtu akimtaja Mungu amekiri?"

Konstebo akatazama viatu vyake. Inspekta hakupandisha sauti, maana sauti yake haikuwa na mazoea ya kupanda. Lakini karatasi ile aliikunja kwa ukucha, mkunjo wa pili juu ya wa kwanza, mpaka ikawa ngumu kama kadi.

"Mama, hiyo mashine ya kusugulia unaitumia kila siku?"

Bi Usafi akacheka kicheko kikavu. "Mashine gani? Ile waliikata waya wakafungia geti tangu mvua zilizopita. Mimi nasugua kwa hivi." Akajipiga magoti. "Wangeyauliza haya, yangewajibu."

*

Mkurugenzi wa taasisi alimpokea ofisini kwake kwa tabasamu na chupa ya maji baridi. Alikuwa mtu wa suti na manukato, na kila alipomaliza sentensi alipanga kalamu zake mezani.

"Ni msiba, Inspekta. Msiba wa taifa zima."

"Pole sana. Sasa mimi msiba wenyewe sijauelewa. Nielezee kama unayemweleza mama yako."

Mkurugenzi akavuta pumzi. Akasema kila kiumbe amebeba ndani ya damu yake maandishi marefu ya asili yake, vinasaba, aliyoyarithi kwa baba na mama. Kuna mashine ya kuyasoma yote, herufi kwa herufi. Paa wa mlimani walikwisha kuwa wachache, tena wamegawanyika vipande viwili vya msitu. Halafu ukaingia ugonjwa. Wengi wa waliotolewa damu wamekufa.

"Waliobaki tunataka kuwahamisha, dume hili lipelekwe kwa majike yale. Lakini bila kusoma damu hatujui nani ni ndugu ya nani. Tukikosea, tunamwoza kaka kwa dada, na kizazi kinachofuata kinazaliwa dhaifu. Wanaisha. Na wakiisha hapa, wameisha ulimwenguni."

"Na hivyo vichupa ndivyo vilivyokuwa na majibu."

"Ndivyo. Mfagizi kaja na ndoo yake..." Akapanga kalamu.

"Naomba kuiona mashine yake ya kusugulia."

"Ipo stoo. Nzima kabisa, nilisaini mwenyewe ilipotoka kwa fundi."

Stoo ilikuwa mwisho wa korido. Mashine ilikuwepo kweli, imeinamishwa ukutani, na buibui alikuwa amejenga kuanzia mpini hadi ukutani. Mahali pa waya palitokeza vipande viwili vya shaba, vifupi kama pembe za konokono. Inspekta akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama dari.

"Labda Daktari alichanganya na mashine nyingine," akasema.

"Mnayo nyingine?"

"Hapana."

"Basi tuendelee. Vichupa vyenyewe viko wapi?"

"Vilichomwa. Niliagiza vichomwe Jumatatu ile ile."

Inspekta akasimama katikati ya korido. "Uliagiza ushahidi wa polisi uchomwe kabla polisi hawajafika?"

"Usinielewe vibaya! Ndiyo utaratibu wetu. Sampuli ikiharibika inachomwa siku ile ile, isije ikaleta maradhi. Kila mtu hapa anajua, kuanzia mimi hadi mlinzi."

Tangu hapo Inspekta hakuyanywa tena yale maji.

Tanuri la kuchomea taka lilikuwa nyuma ya jengo, kijumba cha tofali chenye mlango wa bati. Mkurugenzi alitangulia na kuufungua kwa fahari. Kuku mwekundu akatoa kichwa, akawafokea wote wawili, akarudi kuketi juu ya mayai yake. Majani makavu aliyojitandikia yalikuwa hayajaguswa hata na cheche.

"Huyu," Inspekta akasema, "anaonekana hana habari ya moto wa Jumatatu."

"Ni wa mlinzi huyo. Nimeshamkataza mara..." Uso wa Mkurugenzi ulibadilika, na Inspekta aliyekuwa akimtazama yeye, si kuku, aliona kwamba mshangao ule haukuwa wa kuigiza. Mtu huyu aliagiza, akaamini, akaenda kunywa chai.

"Nani alitumwa kuchoma?"

"Fundi wa maabara."

*

Fundi wa maabara alikuwa binti mrefu mwenye koti jeupe na macho yaliyovimba. Inspekta alimwomba Mkurugenzi abaki nje ya maabara. Mkurugenzi akasema taasisi ni yake. Inspekta akamfungia mlango taratibu, kama anayefunga kabati.

"Dada, ulichoma vile vichupa?"

"Ndiyo, afande."

"Wapi?"

"Kwenye tanuri."

"Na kuku akakuruhusu?"

Machozi yakatangulia maneno.

"Usinililie. Mimi nina mama wa watu amelala kwenye sakafu ya saruji tangu juzi kwa ajili ya friza hili. Yeye alie, wewe useme. Ulivificha kwa ajili ya nani?"

"Si kwa ajili ya mtu, afande. Nilishindwa tu." Akajifuta kwa mkono wa koti. "Nilikuwepo mlimani walipotolewa damu. Wanakijiji waliwashika kwa mikono yao, wakavua mashati wakawafunika macho wasiogope. Kuna jike moja lilikuwa na mimba. Limekufa. Naye mtoto amekufa. Kichupa chake ndicho kilichobaki duniani, halafu naambiwa nikachome kama taka ya jikoni? Nikasema hata kama imeharibika, labda kuna kipande kimesalia cha kusomeka. Nikaviweka."

"Wapi?"

Akaelekea kwenye friji dogo la kona, lile lililobandikwa karatasi ya kukataza chakula. Akasogeza maboksi, akatoa moja la bati, akalileta mezani kwa mikono miwili.

"Umelifungua tangu Jumatatu?"

"Nilikosa moyo."

Akainua kifuniko. Vichupa vilikuwa vimesimama wima safu kwa safu, na ndani ya kila kimoja palikuwa na rangi mbili: chini nyekundu nzito iliyokaribia weusi, juu maji ya manjano, masafi, kama mafuta yaliyochujwa. Inspekta aliona vinapendeza. Binti aliona kitu kingine. Akainamia boksi.

"Umeona nini?"

"Hii..." Akakinyanyua kimoja, akakiweka kwenye mwanga wa dirisha. "Afande, damu hii haijawahi kuonja barafu."

"Sema nikuelewe."

"Damu ikigandishwa, chembe zake zinapasuka zote. Siku ikiyeyuka inakuwa rangi moja juu hadi chini, kama juisi ya zabibu. Haiwezi kujitenga tena hata uisubiri mwaka. Hii imejitenga. Ni damu mbichi. Iliingizwa humu ikiwa mbichi."

"Kwa hiyo friza halikuharibu kitu."

"Hakukuwa na kitu cha kuharibu! Ya paa ilikuwa imeshaondoka." Sauti yake ilianza kupanda. "Mtu ametoa vya kweli, akapachika hivi, akachomoa waya, akajua tukiona vimeyeyuka tutavichoma siku ile ile bila hata kuvitazama. Kwa sababu ndivyo tulivyo! Tunachoma, tunaandika ripoti, tunaendelea."

"Basi hii ni damu ya nani?"

Binti akageuza kichupa huku na huku. "Si ya paa, wala ya mbuzi. Hao damu yao ni nzito kujitenga, ingekaa siku hizi tatu ikabaki karibu ilivyo. Inayokimbilia chini namna hii ni ya farasi. Au punda."

"Mna farasi hapa?"

"Hatuna."

Wote wawili wakageukia dirisha kwa pamoja. Chini, kando ya tangi, punda wa muuza maji alikuwa amesimama na madumu yake, masikio yakipepea nzi.

*

Muuza maji alikuwa mtu wa maneno mengi, na alifurahi kupata msikilizaji.

"Huyu? Huyu ana afya kunishinda mimi, mama. Mke wangu anasema angejua mapema angeolewa na punda."

Inspekta alikuwa anapapasa shingo ya mnyama. Chini ya manyoya ya shingo, upande wa kushoto, vidole vyake vilikuta pasipo na kitu: kipande cha mraba, kimenyolewa kwa wembe, na katikati alama ndogo iliyoanza kukauka.

"Na hapa alinyoa ndevu?"

"Aa, hapo ni Daktari wa hapa. Ijumaa alinisimamisha getini. Akaniambia punda wako ana homa, macho yamemwiva. Mimi nikaangalia, sikuona kuiva wala kupikwa. Akasema atampima bure. Daktari kusema bure! Nikamwachia. Alimtoa damu, mama, nikadhani anataka kumchinja kwa njia ya taratibu."

"Majibu ulipata?"

"Nilipomwuliza Jumatatu akasema keshapona." Akapiga kofi shingo ya punda wake. "Kapona kabla hajaugua. Ndiyo elimu hiyo."

Inspekta hakucheka. Alitoa simu, akapiga kituoni.

"Konstebo, mfungulie yule mama. Mpe maji ya kunawa, mpe kiti, halafu umlete hapa taasisi wewe mwenyewe. Kwenye gari akae mbele. Umenisikia? Mbele."

*

Daktari wa wanyama alikuwa na chumba chake mwisho wa uwanja, kati ya banda la dawa na zizi la ng'ombe wa majaribio. Alikuwa mtu mchangamfu, mikono mipana, anayependwa na kila aliyekuwa na mbwa. Alipoona wanaingia Inspekta, fundi wa maabara na Mkurugenzi nyuma yao, akasimama na kuvuta viti.

"Karibuni, karibuni! Dada yangu Inspekta, bado mnahangaika na lile? Mtu si ameshakubali?"

"Kuna mawili matatu. Mashine ya kusugulia uliyoiona Jumamosi, ilikuwa inafanya kazi?"

"Inanguruma kabisa. Nilisikia toka nje."

"Haina waya."

Daktari akapepesa macho. "Basi labda ilikuwa ndoo. Jioni, unajua, mtu umechoka."

"Ndoo ikawa inanguruma." Inspekta alikuwa anazunguka chumba polepole, mikono nyuma. "Punda je, homa yake imepoa?"

Pale pale chumba kilibadilika. Inspekta alikuwa amesimama mbele ya mtungi wa bati uliofanana na debe la maziwa, shingo nyembamba, umefunikwa kizibo cha sponji. Mvuke mweupe ulikuwa unatambaa pembeni ya kizibo.

"Hiki ni nini?"

"Mbegu za madume ya ng'ombe. Za kupandisha majike. Tafadhali usiguse, mna baridi inayounguza mle, na zikipata joto zinakufa zote. Ni mali ya wafugaji."

"Mle ndani baridi yake inalifikia friza la maabara?"

Aliyejibu ni fundi wa maabara. "Inalipita mbali."

Alikuwa ameshavaa glavu nene zilizokuwa ukutani. Daktari akanyoosha mkono, Inspekta akasogea katikati yao, hatua moja tu. Binti akang'oa kizibo, akavuta kikapu kirefu kutoka ndani ya moshi. Humo hamkuwa na mbegu za dume lolote. Vilikuwa vichupa, vyeupe kwa ganda la barafu. Akakifuta kimoja kwa kidole gumba, akasoma alama ya maandishi yake mwenyewe.

"Ni lile jike lenye mimba," akasema. Halafu akakirudisha haraka kwenye baridi, kama anayefunika mtoto.

Mkurugenzi akakaa bila kuambiwa kiti kiko wapi.

"Vizuri," akasema Daktari, na uchangamfu ulikuwa umemtoka wote. "Vizuri. Mmeona ziko salama? Hakuna hata tone lililopotea. Sasa niulizeni kwa nini. Mwulizeni huyu!" Akamnyooshea kidole Mkurugenzi. "Mashine ya kusoma vinasaba imekaa kwenye makasha tangu mwaka juzi inasubiri saini. Panya wamezaa ndani! Paa wanakufa, sisi tunafanya vikao. Huko ng'ambo zilikokuwa zinakwenda zingesomwa wiki hiyo hiyo."

"Na kwenye tangazo la ugunduzi jina la kwanza lingekuwa la nani?" Inspekta akauliza.

"La aliyepanda mlima."

"Ulipanda peke yako?" Fundi wa maabara alimkabili akiwa bado na zile glavu. "Mimi nilibebwa mgongoni? Na wale watu wa mlimani, waliolala macho porini kwa sababu tuliwapa ahadi mbele ya watoto wao kwamba damu hii itasomwa hapa hapa, na vijana wetu, haitavuka mpaka? Ungerudi ukawaambia nini? Kwamba imeyeyuka?"

"Wangesahau."

"Kama ni haraka tu iliyokusukuma," Inspekta akasema, "ungepiga kelele. Ungegoma. Ungelala mlangoni kwa Mkurugenzi. Hukufanya hivyo. Ulikwenda kwa punda. Sawa. Sasa nijibu moja. Yule mama alikukosea nini?"

"Nani?"

"Bi Usafi."

Daktari akashangaa kidogo, kama aliyeulizwa habari za kiti. "Hakunikosea. Nilijua wangemwonya tu waishie hapo. Nani atamfunga mfagizi?"

Ng'ombe mmoja akakohoa zizini. Kisha wakasikia mtu anajikohoza mlangoni, wakageuka. Konstebo alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Mbele yake alikuwa Bi Usafi mwenyewe, na kwa jinsi alivyousimamia mlango ule, hakufika sasa hivi.

Mkurugenzi akawa wa kwanza kuinuka. Akapangusa suti, akavaa tena tabasamu.

"Mama yetu! Umeona? Mungu mkubwa, kila kitu kimepatikana. Inspekta, tumekushukuru mno. Sasa mimi naona, kwa kuwa hakuna kilichopotea, tusiyatoe nje. Wafadhili wakisikia neno wizi watakimbia, na tutaumia wote, hata paa wenyewe. Daktari tutakaa naye, ni mwenzetu, hatuna mwingine mwenye ujuzi wake. Malalamiko yangu ya friza nayafuta."

"Hilo la friza utalizungumza na mkubwa wangu," Inspekta akasema. "Lakini kuna la pili, nalo si lako. Mtu ameandikisha uongo polisi, na kwa uongo huo mwingine amewekwa ndani. Hilo ni la huyu mama. Akitaka kuandikisha, gari langu liko pale nje na nitaandika mimi kwa mkono wangu, neno kwa neno, na nitamsomea polepole. Asipotaka, siwezi kumlazimisha."

Wote wakamtazama Bi Usafi. Daktari alianza kusema, "Mama yangu..."

"Mama ni mtu wa Mungu," Mkurugenzi akadakia, "kila siku tunamsikia anafagia huku anaomba. Atasamehe, namjua. Mama, waambie tu kwamba yameisha. Upumzike leo, kesho uje kama kawaida. Korido yote imejaa vumbi, hatuna mtu."

Bi Usafi alimtazama Mkurugenzi, kisha Daktari, kila mmoja kwa zamu yake, bila haraka. Akavitazama vidole vyake. Akautengeneza mtandio kichwani, akaukaza chini ya kidevu. Konstebo akampisha.

Akatoka. Kupitia dirishani walimwona akivuka uwanja, mgongo umenyooka, akimpita punda na madumu yake, hadi kwenye gari la polisi. Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaingia, akaufunga.